Mbwa Asiyepakwa Mafuta

Mgeni alifika Jumanne saa tano asubuhi, wakati Ravna akichemsha mifupa ya miguu ya kulungu wa theluji ili kupata mafuta ya uboho. Hakubisha hodi, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imembeba mbwa. Aliusukuma mlango wa nje kwa goti, akasimama katika chumba cha mlangoni kisichopashwa moto, akasema kwamba mbwa wake ameacha kutembea.

Ravna aliitoa kwanza sufuria motoni. Kisha akaja kutazama.

Mgeni alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, mtu wa kusini, jina lake Torunn, na ofisi ya bwawa ilikuwa imemtuma kupima unene wa barafu ya ziwa. Mbwa aliitwa Brage. Alikuwa mbwa wa kuwindia ndege, mweupe mwenye madoa meusi, wa aina ile yenye manyoya marefu kama hariri masikioni, tumboni na nyuma ya miguu. Lakini siku hiyo manyoya hayo hayakuonekana. Kila palipokuwa na singa palining'inia madonge ya theluji, mengine makubwa kama viazi, mengine madogo kama njegere, yamebanana kwapani na katikati ya vidole hata nyayo zake zikatanuka kama za bata.

"Umemtoa wapi hivi?" Ravna aliuliza.

"Ng'ambo ya ziwa, mama. Tumekatisha katikati. Nusu ya njia nimembeba."

"Ulimpaka nini kabla ya kutoka?"

"Kumpaka?"

Ravna alichukua kikombe. Katika kijiji kile mbwa mwenye donge ni aibu ya mwenyewe, kama mtoto aliyeachwa kwenda kanisani bila viatu, na si adabu kumwaibisha mgeni kabla hajanywa kahawa. Alimmiminia kahawa, akampa kipande cha jibini na nyama kavu, akamlaza mbwa juu ya ngozi karibu na jiko, akaanza kazi.

Kazi yenyewe kila mtu wa pale aliijua tangu utotoni. Donge halivutwi, kwa maana linang'oa singa na ngozi pamoja, wala halimwagiwi maji ya moto. Hushikwa kiganjani mpaka lilegee, kisha hutelezeshwa polepole kufuata unyoya. Baadaye mbwa hukaushwa kabisa, kwa sababu unyoya wenye unyevu hunasa theluji mara mbili. Nywele za katikati ya vidole hukatwa zilingane na nyayo. Mwili wote huchanwa kwa kitana cha pembe. Mwisho, kila asubuhi kabla ya kutoka, huja mafuta ya uboho, kidogo tu, vidoleni, kwapani, tumboni, nyuma ya miguu, na mbwa akaachwa nusu saa katika chumba cha mlangoni ili manyoya yake yapoe, maana theluji ikigusa unyoya wenye joto huyeyuka, kisha huganda hapo hapo.

Ravna alilitia kila donge katika bakuli la bati lililokuwa pembeni ya jiko. Yalikuwa mengi. Brage hakulia. Alimtazama tu, akitetemeka mguu mmoja wa nyuma.

"Utakuwa naye hapa mpaka lini?" Ravna aliuliza.

"Wiki sita, mama. Kila Jumanne napima kwa mstari mmoja, kutoka huku hadi katikati na kurudi. Kisha tunavuka kwenda kwetu kabla barafu haijawa mbovu."

"Chumba cha juu kipo. Lala hapa."

Kisha Ravna aliinama, akaliinua sikio la Brage, akanong'ona ndani yake kwamba siku ya kurudi kwao atalivuka ziwa kwa miguu yake mwenyewe, bila donge hata moja. Ndivyo watu wa pale wanavyompa mbwa ahadi. Na ahadi ya mbwa ni nzito kuliko ya mtu, kwa sababu mbwa hawezi kudai.

Alikuwa bado ameinama donge la kwanza lilipoyeyuka. Sauti ya mwanamume mzee, yenye mafua, ilisema kutoka kwenye bakuli:

"Nani kachukua kisu changu?"

Torunn aligeuka kutazama mlangoni. Ravna alitazama bakuli.

"Huyo ni mzee Heaika," alisema. "Baba yake Jovnna, jirani yangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa. Mwaka mmoja kabla ya maji ya bwawa kupanda."

Torunn aliuliza kama anaweza kuandika. Ravna alisema aandike tu. Msichana alitoa daftari lake la vipimo vya barafu, akaandika maneno ya mzee Heaika kwenye safu ya maelezo mengineyo.

Donge la pili lilitoa kicheko cha mtoto. La tatu lilikuwa theluji tu. La nne liliyeyuka taratibu, na sauti ya mwanamke ikasema:

"Ravna, umefunga mlango?"

Ravna aliinuka, akaenda kuufunga mlango wa nje, ambao kweli mgeni alikuwa ameuacha wazi. Akarudi, akaketi. Aliisugua mikono yake iliyokuwa imejaa maji ya theluji.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

Mama yake Ravna alizikwa katika kijiji cha kale, ambacho sasa kiko chini ya ziwa. Ravna alikuwa na miaka tisa wakati ofisi ya bwawa ilipotangaza kwamba maji yatapanda, na kwamba ofisi, kwa heshima, itawahamisha watu wote, wazima na wafu. Wazima walihama wenyewe. Kwa ajili ya wafu walikuja wanaume watatu na trekta lenye sleji, mwishoni mwa Oktoba, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Walifanya kazi siku moja. Watoto walisimama kutazama misalaba arobaini na mmoja ikipangwa juu ya sleji kama kuni. Mtu mmoja aliuliza, na wafu wenyewe je? Akajibiwa kwamba wenyewe wataletwa majira ya joto. Maji yalikuja mwezi wa tano. Watu wazima wa wakati ule walifikiri kwamba labda wafu walihamishwa usiku, kwa adabu, bila kelele, na kwa kuwa ofisi iliwapa karatasi iliyosema hivyo, hawakuuliza tena. Wao nao walikufa mmoja mmoja.

Miaka hamsini na miwili Ravna alikuwa akipanda kilimani, ilikosimikwa misalaba ile, kila Jumapili kukaa karibu na msalaba wa mama yake. Alikuwa akimsimulia habari. Siku zote alidhani mama ni mtu mkimya.

Jovnna aliitwa, akaja na theluji viatuni na mzaha mdomoni, akasema amesikia kwa Ravna kuna mgeni na anatumaini ni mwanamume. Alionyeshwa bakuli. Lilikuwa limebaki donge moja kubwa, la kwapani. Wote watatu walikaa kulitazama likipungua, na lilipoisha mzee Heaika alisema tena, safari hii kwa hasira zaidi:

"Kile cha mpini wa pembe. Nakiuliza kwa mara ya mwisho."

Jovnna alifungua mkanda wake, akakitoa kisu chenye mpini wa pembe, akakiweka mezani.

"Ulikuwa nacho wewe muda wote huu?" Ravna aliuliza.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, dada. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningerudisha."

"Basi na nirudishe. Niambie kwa njia gani."

Jovnna ndiye aliyekuwa akiipaka rangi misalaba ya kilimani kila mwaka, tangu ujana wake, rangi nyeupe, mara mbili kila msalaba. Alihesabu kitu kichwani, kisha akauliza swali ambalo Ravna naye alikuwa akilizungusha tangu asubuhi.

"Sisi tunavuka ziwa lile kila siku. Kwa nini hatujawahi kusikia hata chafya?"

Ravna alielekeza kidole kwenye sufuria ya mafuta.

"Mbwa wetu hawashiki theluji," alisema. "Tumewapaka vizuri mno."

Jovnna alisogea akatazama ndani ya sufuria. "Wafu wanashika wanachoweza kushika," alisema. "Na sisi tukakipaka mafuta."

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinaogesha mbwa. Walitumia sabuni ya mche, kisha ya unga, kisha siki. Haikusaidia. Mafuta ya miaka yote ile yalikuwa yameingia mpaka kwenye mizizi ya manyoya, watoto wa mbwa waliyalamba kwa mama zao, na theluji iliteleza juu yao kama maji kwenye mgongo wa bata. Watu walijaribu pia ngozi za kondoo, sweta za sufu, na nywele bandia za binti mmoja aliyewahi kuishi mjini. Hivyo vilishika madonge mazuri, lakini yalipoyeyushwa yalikuwa theluji tu. Wafu walitaka mbwa. Mbwa hurudi nyumbani, alisema Jovnna, sweta haijui njia.

Kwa hiyo kila Jumanne Torunn alitoka na Brage bila kumpaka kitu, kwa kuwa kijiji kilimwomba, na kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kujua. Alitoboa barafu kwa keekee kila hatua mia, akapima, akaandika. Mstari wake ulipita juu kabisa ya makaburi ya kale. Hapo Brage alisimama, masikio yake yakining'inia, na theluji ikamjia kutoka pande zote hata siku isiyo na upepo. Waliporudi, nyumba ya Ravna ilikuwa imejaa. Kila mtu alikuja na kikombe chake. Ravna aliyatoa madonge moja moja, na mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake alisogea mbele bila kusukumwa.

Wafu hawakusema mambo makubwa. Mmoja aliuliza kama ng'ombe amezaa. Mmoja aliimba wimbo wa mtu fulani, wimbo mfupi usio na maneno, kama ule ambao kila mtu wa pale hutungiwa, na bibi mmoja aliyekuwa nyuma akajua kwamba ndiye anayeimbwa, akaweka kikombe chini. Wengi walilalamika juu ya baridi. Mzee Heaika aliuliza kisu. Jumanne ya pili Torunn alikichukua, akakidumbukiza katika tundu la barafu, na Jumanne ya tatu mzee akauliza habari ya ala yake.

"Hata akiwa mfu," alisema Jovnna, akiifungua ala mkandani, "huyu mtu haridhiki."

Jumanne ya pili mama yake Ravna alisema, "Usivae soksi mbichi." Ya tatu alisema, "Nimekuwekea kitu." Ya nne donge lake lilikuwa dogo, na lilisema, "Nimekuwekea kitu chini ya," likaisha.

Ravna alikunja vidole vyake juu ya ukingo wa bakuli.

"Chini ya nini?" Jovnna aliuliza baadaye, watu walipokwisha kuondoka. "Chini ya kitanda, chini ya jiwe la mlangoni, chini ya mti? Vyote viko chini ya maji, dada."

"Najua."

"Sasa cha nini?"

"Nataka kujua tu."

Lakini Brage alikuwa anaharibika. Kwapani ngozi ilikuwa imechubuka na kuwa nyekundu. Katikati ya vidole vya mguu wa mbele palipasuka, akawa anaacha alama ndogo za damu kwenye mbao za sakafu. Jumatatu jioni alianza kujificha nyuma ya jiko, na hakuna aliyemwambia kwamba kesho ni Jumanne. Ravna aliziona alama za damu. Alizifuta kwa kitambaa. Alijiambia kwamba ahadi yake ilihusu siku ya kurudi tu, wala haikutaja Jumanne, na hilo lilikuwa kweli, lakini alijiambia mara nyingi kuliko inavyohitaji jambo la kweli.

Jumanne ya tano Brage alijilaza kabla hawajafika makaburini. Torunn alimbeba, akapima barafu huku mbwa akiwa mabegani. Madonge yalikuwa sita, na hakuna aliyekuwa mama. Jumanne ya sita Torunn alikwenda peke yake.

Wakati huo Torunn alikuwa amekwisha kuandika ripoti. Aliiandika vizuri, kwa sababu alikuwa ametoka chuo kikuu hivi karibuni na aliamini kwamba jambo likiandikwa vizuri hutengenezwa. Aliorodhesha sauti mia moja na nne, majina, tarehe, unene wa barafu mahali pa kila sauti, na joto la hewa. Alimalizia kwa kusema kwamba, kwa ushahidi huu, watu arobaini na mmoja hawakuhamishwa, naye anapendekeza wahamishwe.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Ofisi ilimshukuru kwa vipimo vya barafu, ambavyo ilivisifu. Kuhusu makaburi, ilisema kumbukumbu zinaonyesha kwamba arobaini na moja yalihamishwa, kazi ikakamilika kwa siku moja, na karatasi ilitiwa sahihi. Nakala ya karatasi iliambatanishwa. Kuhusu sauti, ofisi haikuzikanusha. Ilisema tu kwamba chanzo chake kinaonekana kuwa mbwa wenye manyoya marefu, kwa hiyo kuanzia majira ya baridi yajayo mbwa yeyote mwenye manyoya marefu hataruhusiwa juu ya barafu, kwa usalama wa umma. Bango lingewekwa. Lilikuwa limekwisha kuchorwa.

Torunn alisoma barua mezani kwa sauti. Aliposhindwa kuendelea Jovnna aliichukua akamalizia, ingawa hakuwa na miwani na alikosea maneno mawili.

"Nitaandika tena," Torunn alisema.

"Andika, mwanangu," Ravna alisema. "Kula kwanza."

"Nitaandika kila mwezi, mama."

"Na mimi nimeagiza rangi," alisema Jovnna. "Nyeupe, kama kawaida. Misalaba haina kosa."

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumatano, mwanzoni mwa Aprili. Barafu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya kijivu kandokando. Torunn alishuka mapema na begi lake, akamkuta Ravna ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, mikono magotini, mbwa miguuni pake. Sufuria ya mafuta ilikuwa juu ya meza, na kifuniko chake hakijaondolewa.

"Mama," Torunn alisema, "nimefikiria usiku kucha. Ng'ambo kuna kibanda cha wavuvi, kina jiko. Twende wote. Leo tusimpake. Tukipita pale juu atasimama kidogo, tukifika tuyayeyushe madonge, wewe usikie neno lililobaki. Ni mara moja tu. Baada ya hapo atapumzika nyumbani maisha yake yote."

Ravna alitazama miguu ya Brage.

"Vidole vyake vimeanza kupona," aliongeza Torunn. "Mara moja atavumilia."

"Atavumilia," Ravna alikubali.

Nje, mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki ya theluji, ikawaka, ikazima. Brage aliinua kichwa, akaangalia mlangoni, kisha akajivuta polepole kwenda nyuma ya jiko. Hakuenda mbali. Mkia wake ulibaki nje.

Ravna alifunua sufuria.

Alimtoa mbwa nyuma ya jiko kwa kumwita jina, bila kumvuta. Alimkata nywele za vidoleni kwa mkasi mdogo, akilipita jeraha kwa uangalifu. Alimchana kwa kitana cha pembe kuanzia masikioni, singa kwa singa, mpaka manyoya yakalala kama maji. Kisha alichovya vidole viwili katika mafuta ya uboho, akayapasha joto kiganjani, akapaka. Alipaka kwapani. Alipaka tumbo, na nyuma ya miguu, na ncha za masikio, na kati ya kidole na kidole, akafuta yaliyozidi kwa kitambaa cha sufu.

"Hivi mama, unadhani anaikumbuka ahadi uliyompa?"

"Sidhani."

"Basi—"

"Hawezi kunidai," Ravna alisema. "Ndiyo maana."

Miguu miwili ya mbele aliivisha vijifuko vya ngozi laini, ndani yake ameweka nyasi kavu kama zile ambazo watu wa pale hutia viatuni. Kisha alimweka Brage katika chumba cha mlangoni apoe, akasubiri nusu saa kamili akitazama saa ya ukutani, akavaa koti lake.

Walivuka watatu, Torunn mbele na sleji ya vifaa, Ravna nyuma kwa skii zake za zamani, na Brage kati yao. Theluji ya juu ilikuwa laini, ya aina ile inayonasa kuliko zote. Walipofika juu ya makaburi Brage alisimama kama kawaida yake, masikio chini. Theluji ilianza kumjia. Ilitoka kulia na kushoto na mbele yake, ikapanda mpaka magotini, ikafika tumboni, ikajaribu. Ravna alisimama hatua mbili kutoka pale, ameegemea fimbo zake. Theluji iliparamia manyoya, ikateleza, ikaanguka, ikaparamia tena. Ilifanya hivyo kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha kahawa.

"Mlango nimefunga," Ravna aliiambia ile theluji. "Na soksi ni kavu."

Brage alijikung'uta, akaendelea na safari.

Kibanda cha wavuvi kilikuwa na jiko, lakini hakuna aliyeliwasha. Torunn alimkumbatia Ravna kwa muda mrefu, akasema ataandika, na Ravna alijua kwamba kweli ataandika. Kisha Ravna alivua glavu, akapiga magoti kwenye theluji, akamvua Brage vile vijifuko vya ngozi. Alipitisha mkono tumboni, kwapani, nyuma ya miguu. Akaishika miguu mmoja baada ya mwingine, akaipanua vidole kwa kidole gumba, akatazama kwa makini kati ya kidole na kidole, miguu yote minne.

Hakukuwa na kitu.